Toa Maji, Bakiza Kiazi

Mwaka jana, mwezi wa sita, mdogo wangu alinitumia picha ya matokeo yake kwa simu bila neno lolote. Kusikiliza 7. Kusoma 7. Kuzungumza 6.5. Kuandika 5.5. Wastani ulikuwa 6.5, na chuo cha Uingereza alichokiomba kilitaka hiyohiyo 6.5, ila kilikuwa na sharti la pili: sehemu yoyote isishuke chini ya 6. Kwa nusu alama ya kuandika, shahada ya uzamili ya kilimo ikamponyoka. Ada ya mtihani imekwenda, na nauli ya basi kutoka Bariadi hadi Dar es Salaam imekwenda, kwenda na kurudi.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nafundisha sekondari hukuhuku kwetu Ngulyati, na kila Novemba nawapeleka vijana wa kidato cha nne kwenye chumba cha mtihani wa taifa. Nilipoiona ile 5.5 nilijisikia kama fundi wa paa ambaye nyumba ya ndugu yake inavuja.

Mtihani alioufanya unaitwa IELTS. Jina hilo umelibeba tangu 1989, na hapa Tanzania watu huufanya kupitia British Council. Alama zake huanzia 0 hadi 9. Sehemu ya kuandika ni dakika 60 na ina kazi mbili. Katika ya kwanza, anayekwenda kusoma chuo hupewa grafu, jedwali au mchoro, aueleze kwa maneno yasiyopungua 150. Huo ni ufupisho, ila badala ya kufupisha habari unafupisha tarakimu. Ya pili ni insha ya maneno 250 au zaidi, na uzito wake ni mara mbili ya ya kwanza. Mtihani mwingine wa aina hiyo, PTE, humpa mtahiniwa habari na kumtaka aifupishe yote kwa sentensi moja isiyozidi maneno 75. Vijana wangu wa kidato cha nne nao hukutana na ufupisho na insha. Kwa hiyo tatizo la mdogo wangu nilikuwa nalijua tangu zamani. Nalisahihisha kwa peni nyekundu kila wiki.

Alikuja nyumbani mwezi wa saba, wakati wa kuuza pamba. Yeye ni afisa ugani kata nyingine, mtu wa pikipiki na viatu vya vumbi, na ana akili nyingi kuliko mimi. Hilo nalisema bila wivu. Nikamwomba aniandikie upya, kwa kadiri anavyokumbuka, yale aliyoyaandika kwenye mtihani. Akakaa chini ya mwarobaini na kauntabuku langu, akaandika asubuhi nzima. Kwenye jedwali la kwanza alikuwa ametaja kila tarakimu. Mwaka huu ilikuwa kadhaa, mwaka uliofuata kadhaa, uliofuata tena kadhaa, mpaka mwisho wa safu. Nikamuuliza, ulitumia dakika ngapi hapo? Akafikiri. "Kama thelathini na tano, dada." Dakika 35 kwenye kazi iliyo nyepesi, zikabaki 25 za insha iliyobeba uzito mara mbili. Insha ikakatika njiani, haikufika hata maneno 200.

Nikamwambia aache kauntabuku, twende jikoni kwa mama.

Ulikuwa msimu wa michembe. Kwa asiyekaa Usukumani nieleze kidogo. Viazi vitamu vikivunwa kwa wingi haviwezi kukaa, vinaoza. Kwa hiyo vinamenywa, vinakatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani siku kadhaa mpaka viwe vyeupe na vikavu, ukivigonga vinalia kama vigae. Hiyo ndiyo michembe. Ukivichemsha kwanza kisha ukavikata na kuvianika, unapata matobolwa, ambayo ni matamu na huliwa hata na chai. Gunia la viazi linaingia juani, linatoka mzigo mdogo ambao mama anaubeba kichwani kwa mkono mmoja. Kilichoondoka ni maji. Kiazi chote kimo humo, na mwezi wa kwanza, ghala likiwa tupu, utakipika na kukila.

Mama yetu huuza michembe na matobolwa gulioni kwa sado. Hesabu yake ameiandika kwa mkaa ukutani, nyuma ya mlango wa jiko: mstari mmoja kwa kila sado, michembe juu, matobolwa chini, mwezi kwa mwezi. Ya mwaka uliotangulia ilikuwa bado ipo. Nikaihesabu na kuichora jedwali. Michembe: Juni 6, Julai 14, Agosti 22, Septemba 21, Oktoba 5. Matobolwa: 4, 4, 5, 5, 6. Nikampa mdogo wangu. "Haya, lieleze kwa Kiingereza."

Akaanza vilevile. In June she sold six, in July she sold fourteen. Nikamsimamisha, nikamgeukia mama, aliyekuwa na kisu mkononi na beseni la viazi miguuni.

"Mama, mwaka jana biashara ilikwendaje?"

Hakutazama ukuta. "Michembe ilipanda mpaka Agosti," akasema, "ikasimama kidogo, Oktoba ikaporomoka. Matobolwa yalikwenda polepole tu, hayakushuka."

Mdogo wangu akanyamaza. Mama hajawahi kukaa mbele ya mtihani wa Kiingereza, wala hajui kwamba kuna watu wanaolipa fedha wafundishwe sentensi ile. Kwenye IELTS inaitwa picha ya jumla: mambo mawili makubwa ambayo msomaji atabaki nayo hata jedwali likichanika. Bila picha hiyo, mtahiniwa hapandi sana, hata kama tarakimu zake zote ni sahihi. Tukaitafsiri sentensi ya mama palepale: Sales of michembe rose sharply until August and collapsed in October, while sales of matobolwa grew slowly. Baada ya hapo tarakimu zinaingia chache, zile tu zinazoithibitisha sentensi: 6 ya mwanzo, 22 ya kilele, 5 ya mwisho. Zile 14 za Julai zinaweza kubaki ukutani.

Mama akaongeza kwamba Oktoba watu walikuwa wameanza kuandaa mashamba na fedha ilikuwa imewaishia. Mdogo wangu akataka kuliandika na hilo. Nikalifuta. Ni kweli tupu, lakini jedwali halilisemi, na kazi ya kwanza hutaka kilichomo kwenye jedwali pekee. Sababu zako, maoni yako na huruma yako vyote vina mahali pake kwenye kazi ya pili. Kulitenganisha hilo kunawapa shida watu wazima wenye shahada.

Darasani kwangu shida huja kwa sura nyingine. Ukimpa mtoto wa kidato cha nne habari ya Kiingereza na kumwambia aifupishe, atanakili sentensi ya kwanza, ya katikati moja na ya mwisho. Si uvivu. Anaogopa. Anaona akigusa neno la mwandishi ataliharibu, na maneno yake mwenyewe ya Kiingereza hayaamini. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya 1973, hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, zikiwa na picha za majibu mazuri na mabaya kama yalivyoandikwa kwa mkono. Nazisoma usiku, na ninaona mwandiko wa watoto nisiowajua ukifanya makosa ninayoyajua kwa majina. Mwalimu yeyote wa lugha azitafute. Zina faida kuliko vitabu vingi vya maswali na majibu vinavyouzwa stendi.

Ila jambo lililonifungua macho lilitokea ofisini. Nilikuwa nalalamika juu ya ufupisho, na mwenzangu wa Kiswahili akanisogezea daftari la mwanafunzi wangu yuleyule. Alikuwa amefupisha habari ya Kiswahili vizuri kabisa: wazo kuu, hoja nne, mfano umeachwa, maneno yamehesabiwa. Alama nane kwa kumi. Kumbe ufupisho anaujua! Anafundishwa kwenye Kiswahili, tena kwa jina hilohilo, na anapoingia kwenye kipindi changu anauacha mlangoni kama anayevua viatu.

Tangu siku hiyo nimebadilisha mpangilio. Wanasoma habari ya Kiingereza mara mbili. Kisha nasema: funga kitabu, mgeukie jirani yako, mwambie habari hii inasema nini, kwa Kiswahili, na kwa wanaotaka kwa Kisukuma. Darasa linapiga kelele kama mnada wa ng'ombe. Anayesimulia lazima achague, kwa sababu kitabu kimefungwa na kichwa hakibebi kila kitu. Kinachobaki kichwani kwa kawaida ndicho kiini. Baada ya hapo ndipo wanaandika kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi, kitabu kikiwa bado kimefungwa, na kukifungua mwishoni kuhakikisha hawakumsingizia mwandishi. Hatua ya mwisho ni kuhesabu. Kila neno la kumi linawekewa kijitone juu yake kwa penseli, ukizidi unakata.

Wapo wanaosema navunja sheria, kwamba ndani ya eneo la shule ni Kiingereza tu. Naelewa wanakotoka, nami nilikulia ndani ya sheria hiyo. Nikiwa kidato cha pili, katika shule ambayo sitaitaja, nilivalishwa kibao shingoni kwa sababu nilimwambia mwenzangu "nipe maji" kwa Kisukuma. Nilikaa nacho mpaka jioni. Kiingereza changu hakikukua siku hiyo hata kwa neno moja. Nilichojifunza ni kukaa kimya. Na mtoto aliyezoea kukaa kimya, ukimpa karatasi ya insha, anakaa kimya hata kwenye karatasi.

Jambo hili lina historia ndefu. Mtoto wa shule yetu ya kijiji husoma miaka saba kwa Kiswahili, na akiingia kidato cha kwanza fizikia na hesabu zinageuka Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia 1985. Haikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza katika shule zetu na kuona kwamba kiwango cha wanafunzi wengi wa sekondari kilikuwa chini mno kuweza kubeba masomo mengine. Mjadala unaendelea hadi leo na mimi sina uwezo wa kuumaliza. Nina dakika 40 za kipindi na watoto ambao mtihani hautawasubiri. Kwa dakika hizo naona heri mtoto afikiri kwa lugha anayoiota usiku, kisha avuke na mzigo wake mkononi, kuliko kuvuka mikono mitupu.

Kuvuka huko kuna mashimo yake, na mengi nayajua kwa sababu nilitumbukia mwenyewe. Kiswahili kina "yeye" mmoja tu. Kiingereza kinataka ujue ni mwanamke au mwanamume, kwa hiyo insha inaanza na mama na inamalizika na baba, mtu yuleyule. Kuna kile kisehemu cha the na a, ambacho kwetu hakipo. Kuna "nimefika jana", ambayo Kiingereza hakiikubali: ukitaja jana, kitenzi lazima kibadilike. Na kuna r na l, ambazo sisi tuliokulia kwenye Kisukuma huzichanganya mdomoni na baadaye kwenye maandishi. Nimeshaona prant badala ya plant mara nyingi kiasi kwamba siku moja niliandika prant ubaoni bila kujua, na darasa zima likanakili.

Makosa hayo yanapunguza alama, lakini hayaui insha. Insha inauawa na kutokuwa na la kusema.

Nirudi kwa mdogo wangu. Swali la insha nililompa lilikuwa: je, watoto wa vijijini wafundishwe kilimo shuleni? Swali la kwake kabisa. Akaandika ufunguzi wa mistari sita ambao ungefaa swali lolote duniani: siku hizi, katika ulimwengu huu wa kisasa, watu wengi wana maoni tofauti. Aliukariri mahali. Wasahihishaji wa IELTS wamefundishwa kuyatambua maneno ya kukariri, na hayamwongezei mtahiniwa kitu. Aya ya pili ikawa faida, ya tatu hasara, na mwisho akasema pande zote mbili zina ukweli. Katikati kulikuwa na utafiti wa chuo kikuu cha Marekani uliogundua kwamba asilimia 80 ya vijana hivi na hivi. Nikamuuliza utafiti huo aliusoma wapi. Akainamisha kichwa. Aliubuni. Alidhani insha ya Kiingereza haiwezi kukamilika bila Mmarekani ndani yake.

"Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Wafundishwe."

"Kwa nini?"

Hapo akabadilika. Akanihadithia mzee mmoja aliyemkuta shambani akipulizia pamba dawa ya funza wa vitumba, akipima kwa kizibo cha soda, kwa sababu kibandiko cha chupa kilikuwa na Kiingereza cha herufi ndogo na hakuna mtu nyumbani aliyeweza kukisoma, hata kijana wake aliyemaliza kidato cha nne. Mdogo wangu aliichukua chupa, akasoma kibandiko chote, akamwambia mambo matatu: uweke kiasi gani kwa bomba, uvae nini, na usivune mpaka zipite siku ngapi. Mzee akayarudia yote matatu bila kukosea.

Nikamwambia, umesikia ulichofanya? Kibandiko kizima umekitoa maji, ukampa mzee kiazi. Hiyo ndiyo kazi yako ya kila siku na unalipwa mshahara kwa hiyo. Na hadithi yenyewe ni aya nzima ya insha: hoja, kwamba kilimo cha leo kinahitaji kusoma na kupima, sababu, kwamba anayekosea kipimo anaharibu shamba na afya yake, mfano, mzee na kizibo. Msahihishaji hajawahi kusikia habari ya kizibo kile. Ataisoma na kuamini, kwa kuwa ni ya kweli na ina sura.

Akaiandika jioni ile kwenye mwanga wa taa ya sola, kwa saa ya simu: dakika 5 za kupanga, 30 za kuandika, 5 za kusoma tena na kuwinda he na she. Ilikuwa na maneno 271. Ufunguzi ulikuwa sentensi mbili: swali kwa maneno yake, na jibu lake. Kulikuwa na neno moja zito alilolichomeka kutoka kwenye kamusi, plethora, na nikamwomba alitoe, kwa sababu lilikaa pale kama mgeni aliyevaa suti shambani. Kubadilisha maneno ya swali ni lazima, lakini si kila neno. Pamba ni cotton na itabaki cotton. Ukiitafutia pamba jina la pili, huiongezei kitu.

Wiki tatu alizokaa aliandika jedwali moja na insha moja kila siku. Jedwali lilipewa dakika 20, zikiisha halijaisha anaacha. Vichwa vya insha tulivitoa kwenye maisha: simu shuleni, watoto kuchunga badala ya kusoma, wasichana kuolewa mapema, vijana kukimbilia Mwanza. Wiki ya kwanza insha zake zilikuwa mbaya kuliko za mwanzo, kwa sababu nilikuwa nimemnyang'anya magongo aliyoyakariri. Nilimwambia avumilie. Wiki ya pili akaacha kuniuliza kama sentensi ni "kubwa" ya kutosha. Kuna jioni moja tulibishana mpaka mama akatoka jikoni kuuliza nani kafiwa. Tulikuwa tunabishana kama aya ya tatu inaunga mkono ya pili au inarudia. Alikuwa sahihi yeye. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Alirudi Dar es Salaam mwezi wa tisa. Kuandika, 6.5.

Chuo kimempokea kwa mwaka wa masomo unaokuja. Fedha ya ufadhili bado anaitafuta, na hiyo ni safari nyingine.

Mimi nina madaftari 43 mezani. Tulianza na habari niliyoitunga mwenyewe juu ya wakulima wanaotia maji na mchanga kwenye pamba ili uzito uongezeke kwenye mizani. Mwezi wa pili msichana mmoja wa dawati la mbele alinakili sentensi tatu za kwanza neno kwa neno, na alipoona peni nyekundu alifunika daftari kwa kiwiko. Wiki hii nimewapa habari ileile. Hii hapa ya kwake, nimeinakili kama ilivyo: Some farmers put water and sand in cotton to get more money. The wet cotton rots and the ginnery prant breaks. Buyers then pay less to everybody, even honest farmers.

Ni maneno 30, na habari yenyewe ilikuwa na zaidi ya 150. Sababu ipo, madhara yapo, na yule mkulima mwaminifu anayeumia, ambaye mimi nilikuwa nimemficha kwenye mstari wa mwisho kabisa, amemwona. Nimeizungushia duara ile prant, nikaandika pembeni l. Kesho asubuhi, kabla ya kipindi, nitamwomba aisome kwa sauti mbele ya wenzake.